Nunua moja upate moja: jinsi ya kuhakikisha mteja anaiona ofa kabla hajalipa

Mteja wangu mmoja anauza mafuta ya nazi ya kupaka, chupa ya mililita 250 kwa shilingi 8,000. Duka lake liko mtandaoni, mzigo unatoka nyumbani kwake Tegeta, Dar es Salaam, kwa bodaboda. Siku moja akataka ofa ya nunua moja upate moja bure. Nikamtengenezea, nikaweka utepe mwekundu juu kabisa ya tovuti, tukalala. Asubuhi akanitumia picha ya ujumbe aliopokea WhatsApp: "Dada, nimeshalipia, mbona ile chupa ya bure siioni?"

Nikafungua oda. Chupa moja, shilingi 8,000. Mfumo haukukosea popote. Mnunuzi aliweka chupa moja kwenye kikapu, na ofa ilikuwa inasubiri aweke mbili. Kosa lilikuwa langu.

Ukienda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ukachukua sabuni yenye ofa, Mangi mwenyewe anakushikisha ya pili: "Chukua na hii, ni bure." Duka la mtandaoni halina Mangi. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kumweka Mangi kwenye ukurasa, pale mteja anapobonyeza, siyo juu kwenye utepe ambao jicho limeshazoea kuuruka. Natumia WooCommerce, mfumo wa duka unaofanya kazi ndani ya WordPress, kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku. Wa Shopify, mfumo mwingine wa maduka ya mtandaoni, nitawafikia mbele.

Hatua ya 1: Jua ofa yako inasubiri nini

WooCommerce yenyewe haina ofa ya nunua moja upate moja. Kuponi zake za asili ni za aina tatu tu: punguzo la asilimia, kiasi maalumu kwa kikapu kizima, na kiasi maalumu kwa bidhaa. Kwa hiyo utahitaji plagini (programu ya nyongeza unayoiweka kwenye tovuti), na plagini hizi zina tabia mbili. Kuna zinazoingiza bidhaa ya bure kwenye kikapu zenyewe, na kuna zinazosubiri mteja aweke bidhaa mbili ndipo zifute bei ya moja.

Usiishie kwenye maelezo ya muuzaji wa plagini. Weka chupa moja kwenye kikapu uone kinachotokea. Jibu hilo ndilo litakaloamua maneno yako yote. Kama plagini inaongeza yenyewe, mwambie mteja "Ya pili tunakuwekea sisi." Kama inasubiri, mwambie "Weka 2 kwenye kikapu, utalipia 1." Ukichanganya haya mawili, utapokea simu.

Mimi kwa bidhaa zenye saizi au rangi nachagua plagini inayosubiri, mteja ajichagulie. Kwa chupa za mafuta zinazofanana, inayoongeza yenyewe inakupunguzia maswali.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja, uitumie hiyohiyo kila mahali

"Nunua 1 upate 1" haitoshi. Upate 1 ya nini? Ileile, au nyingine ya bei ndogo? Andika kama unavyomjibu mtu WhatsApp (mfano huu ni wa plagini inayosubiri):

Mafuta ya nazi 250 ml: weka chupa 2, utalipia 1. Mwisho Jumapili.

Bidhaa ipo, kitendo kipo, mwisho upo. Na tafadhali, ule mstari wa "vigezo na masharti kuzingatiwa" usiuweke kama huna masharti. Watu wameusikia redioni na kwenye matangazo ya simu mpaka wakiuona tu wanajua kuna jambo limefichwa. Kama sharti lipo, mfano ofa ni kwa oda za Dar peke yake, liandike wazi palepale.

Na usipandishe bei ya chupa kabla ya ofa. Licha ya kwamba wateja wanakumbuka bei kuliko unavyodhani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei.

Hatua ya 3: Bidhaa zote za ofa zipe lebo moja

Fungua kila bidhaa iliyo kwenye ofa, upande wa lebo (tags) andika `nunua-1-pata-1`. Inaonekana ni jambo dogo, lakini kila tangazo tutakaloweka kuanzia hapa litaangalia lebo hii. Ukiitoa, matangazo yanaondoka nayo. Nimeona maduka ambayo ofa iliisha mwezi mzima uliopita na maneno bado yapo kwenye kurasa tatu, kwa sababu kila tangazo liliandikwa kwa mkono mahali pake.

Kuna wanaoandika ofa kwenye jina la bidhaa. Sishauri. WooCommerce huhifadhi jina la bidhaa kwenye oda kama lilivyokuwa siku ya kununua, kwa hiyo ukifanya hesabu mwishoni mwa mwaka utakuta mafuta yaleyale yana majina manne. Kuandika juu ya picha ni kubaya zaidi: themu (muundo wa mwonekano wa tovuti) inaikata picha iwe mraba, na neno "BURE" linabaki "BUR".

Hatua ya 4: Weka maneno juu ya kitufe cha kununua

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Ukurasa wa bidhaa wa WooCommerce umepangwa kwa namba: bei ina namba 10, maelezo mafupi 20, kitufe cha kuongeza kwenye kikapu 30. Ukipachika maneno yako kwa namba 25, yanakaa juu ya kitufe, na mteja hawezi kukibonyeza bila kuyaona.

Msimbo huu (code) unaingia kwenye faili la `functions.php` la themu ndogo (child theme, inayokaa juu ya themu kuu), au kwenye plagini ya kuhifadhi vipande vya msimbo. Usiuweke kwenye themu kuu, maana siku ukiisasisha utafutika:

```php
add_action( 'woocommerce_single_product_summary', 'duka_tangaza_ofa', 25 );
function duka_tangaza_ofa() {
    if ( has_term( 'nunua-1-pata-1', 'product_tag', get_the_ID() ) ) {
        echo '<p class="ofa-bure">Weka 2 kwenye kikapu, utalipia 1. Mwisho Jumapili.</p>';
    }
}
```

Rangi na ukubwa wa maandishi utavipanga kwenye CSS (msimbo wa mwonekano) kwa kutumia `ofa-bure`. Mimi naweka mandhari ya njano hafifu na maandishi meusi. Nyekundu naiacha, kwa sababu kwenye maduka mengi nyekundu ni ujumbe wa kosa, na mteja anashtuka akidhani malipo yamekataa.

Kuna ujanja wa kufanya kisanduku cha idadi kianze na 2 badala ya 1. Unafanya kazi, lakini siupendi. Siku ofa ikigoma, mteja anakuta shilingi 16,000 kwa chupa ambazo hakuziomba, na hatakuelewa hata ukimweleza vipi.

Hatua ya 5: Mkumbushe akiwa kwenye kikapu

Wengine watapita. Wamefika kupitia kiungo, wamebonyeza haraka, wana chupa moja. Kikapu ndicho mahali pa mwisho pa kuwashika mkono. Kama plagini yako ni ya kusubiri, ongeza hiki:

```php
add_action( 'woocommerce_before_cart', 'duka_kumbusha_ofa' );
function duka_kumbusha_ofa() {
    foreach ( WC()->cart->get_cart() as $kitu ) {
        $ina_ofa = has_term( 'nunua-1-pata-1', 'product_tag', $kitu['product_id'] );
        if ( $ina_ofa && $kitu['quantity'] % 2 === 1 ) {
            $jina = esc_html( $kitu['data']->get_name() );
            wc_print_notice( 'Kuna ofa hujaichukua: ongeza ' . $jina . ' 1, hutailipia.', 'notice' );
        }
    }
}
```

Kinachofanyika: kama idadi ya bidhaa yenye lebo haigawanyiki kwa mbili, ujumbe unatokea. Chupa 1, unatokea. Chupa 2, kimya. Chupa 3, unatokea tena, na kweli mtu wa chupa tatu anaidai ya nne.

Angalia mambo mawili. Kama plagini inaongeza ya bure yenyewe kwenye mstari wake wa pembeni, msimbo huu utamsumbua mteja ambaye ameshapata haki yake, kwa hiyo usiutumie. Na kama bidhaa ina saizi, kila saizi ni mstari wake: mteja mwenye ndogo moja na kubwa moja ataona ujumbe mara mbili. Hapo ujumlishe kwanza kwa `product_id` ndipo ugawanye.

Ukiweka msimbo na kikapu kikakaa kimya, usianze kutafuta kosa la tahajia. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2023, maduka mapya ya WooCommerce yanakuja na kikapu cha vitalu (blocks), na kikapu hicho hakisikii `woocommerce_before_cart`. Fungua ukurasa wa kikapu, ondoa kitalu, andika `[woocommerce_cart]`, hifadhi. Kabla sijalijua hili lilinila Jumamosi nzima.

Hatua ya 6: Alama kwenye orodha ya bidhaa

Ile alama ya punguzo inayotokea juu ya picha hutokea pale tu bidhaa inapokuwa na bei ya punguzo. Ofa yako haibadilishi bei ya chupa, kwa hiyo alama haitatokea, na si kosa la themu. Nakili msimbo wa hatua ya 4, upe jina jipya badala ya `duka_tangaza_ofa`, upachike kwenye `woocommerce_before_shop_loop_item_title`, fupisha maneno yawe "1+1 bure". Kwenye simu orodha inaonyesha bidhaa mbili kwa mstari, sentensi ndefu haina pa kukaa.

Hatua ya 7: Nauli, mzigo na saa

Ofa inaweza kuonekana vizuri na bado ikamuudhi mtu kwenye nauli. Kama gharama yako ya kusafirisha imeandikwa `2000 * [qty]`, mfumo unatoza nauli ya kila chupa, pamoja na ile ya bure. Mteja anaona shilingi 4,000 za bodaboda anasema wameirudisha bei kwa mlango wa nyuma. Andika 2000 tupu.

Stoo nayo inahesabu chupa ya bure kama nyingine yoyote. Chupa 40 ni jozi 20, basi. Kama huna zaidi ya hapo, andika "jozi 20 tu", ni kweli na inamharakisha mteja.

Halafu saa. Tovuti nyingi za WordPress ninazokabidhiwa zimebaki kwenye saa za UTC (saa za kimataifa), na sisi tuko saa tatu mbele. Ofa uliyoipanga ianze saa 6 usiku itaanza saa 9 usiku, na itaisha kwa kuchelewa vivyo hivyo. Nenda kwenye mipangilio ya jumla, chagua Dar es Salaam au Nairobi. Kwa mteja, usiandike "mwisho Jumapili saa 6 usiku", maana nusu ya watu watadhani ni usiku wa Jumamosi. Andika "mwisho usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu".

Kama uko Shopify

Ofa hii ipo ndani yake tayari, inaitwa Buy X get Y. Ichague iwe ya kujitekeleza yenyewe badala ya msimbo wa kuandika wakati wa kulipa. Ila "kujitekeleza" kunadanganya wengi: haimwekei mteja chupa ya pili. Lazima aweke zote mbili mwenyewe, ndipo bei ya moja ifutwe. Kwa hiyo sentensi ya "weka 2, utalipia 1" inakuhusu kuliko mtu yeyote. Iweke kwenye kihariri cha themu, kama kipande cha maandishi juu ya kitufe cha kununua, kwenye kiolezo maalumu cha bidhaa za ofa. Utepe wa juu unaweza kuubakiza, haudhuru.

Hatua ya 8: Nunua wewe mwenyewe, kwa simu

Siyo kwenye kompyuta yako ambako umeingia kama msimamizi. Chukua simu ya kawaida, zima Wi-Fi, fungua dirisha la faragha, ingia kwa kiungo kilekile utakachoweka kwenye status ya WhatsApp. Weka chupa moja. Je, maneno uliyaona bila kuteremsha ukurasa? Kwenye simu picha ya bidhaa inakula skrini nzima, na mara nyingi inabidi uipunguze urefu. Nenda kwenye kikapu, usome ujumbe, ongeza ya pili, tazama jumla. Kisha mpe simu mtu wa nyumbani asiyejua chochote kuhusu ofa, umwambie anunue mafuta. Kaa kimya umtazame.

Siku ofa inapoisha

Zima ofa kwenye plagini na uitoe lebo kwenye bidhaa, vyote kwa wakati mmoja. Halafu safisha kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa), ya plagini na ya kampuni inayokuhifadhia tovuti, la sivyo wageni wataendelea kuoneshwa ukurasa wa jana wenye "utalipia 1" huku kikapu kikidai 16,000. Mimi huweka kengele ya simu kwa ajili ya hili. Na status za WhatsApp zinafutika baada ya saa 24, lakini posti ya Instagram haifutiki: rudi uiandikie "ofa imeisha". Atakayekuja Jumatano na picha yake mkononi akikuta hujaiandikia, mpe chupa yake.