Kurekebisha jedwali la mpango wa biashara liifae kampuni ya nishati

Jedwali la visanduku tisa vya kupangia biashara (wateja, wabia, gharama, mapato na kadhalika), lile linalotundikwa ukutani kila penye semina ya ujasiriamali, linafaa kwa mali ambayo isiponunuliwa leo itakaa rafuni hadi kesho. Umeme haukai rafuni. Usipotumika papo hapo unapozalishwa, ama uuhifadhi kwa gharama, ama umepotea. Nimewahi kukaa na kampuni ya umeme wa jua ambayo jedwali lake lilijaa vikaratasi vya rangi, lakini akaunti ilikuwa inakauka. Tangu hapo nafanya hivi.

Hatua ya 1: Taja kipimo cha unachouza. Kabla ya kugusa kisanduku chochote. Fikiria umeme kama maji: kilowati, yaani uwezo wa mtambo, ni unene wa bomba. Kilowati-saa, yaani uniti, ni maji yaliyopita. Kuna wanaouza uniti, kuna wanaolipwa ili mtambo ukae tayari hata usipowashwa, na kuna wanaotoza ada ya mwezi kwa friji kupoza. Huyu wa mwisho ajue kwamba friji ikila umeme hasara ni yake, kwa hiyo heri aichague mwenyewe.

Hatua ya 2: Chora saa 24 chini ya jedwali. Mstari mmoja wa uzalishaji, mwingine wa matumizi. Kwa umeme wa jua, mstari wa kwanza unapanda adhuhuri. Wa pili, kama wateja wengi ni wa majumbani, unapanda jioni. Pengo lililo katikati ndiyo biashara yako, na majibu yake ni machache: betri, jenereta, au mteja wa mchana kama mashine ya kusaga au pampu ya maji. Mimi huanza na mteja wa mchana. Betri inakula mtaji. Mashine ya kusaga inaleta pesa.

Hatua ya 3: Gawanya gharama kwa uniti zilizolipiwa, si zilizozalishwa. Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Chukua mtambo wa jua wa kilowati 100. Mwaka una saa 8,760. Tukikadiria kwamba kwa wastani unatoa asilimia 20 ya uwezo wake, tunapata uniti 175,200. Sasa tuseme asilimia 40 inakosa mtumiaji mchana: zinabaki 105,120. Toa asilimia 10 inayopotelea njiani: 94,608. Aliyepanga bei kwa kugawanya gharama kwa namba ya kwanza ameona karibu nusu tu ya gharama halisi ya kila uniti anayouza. Na bado hatujawagusa wanaochelewa kulipa.

Hatua ya 4: Kipasue kisanduku cha wateja. Anayetumia, anayelipa na anayeamua mara nyingi ni watu watatu. Mpangaji anawasha taa, mwenye nyumba ndiye anayekubali au kukataa paneli juu ya paa. Waandike wote.

Hatua ya 5: Mpe mdhibiti, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, kisanduku chake. Usimfiche kwenye "wabia". Mbia mnajadiliana; mdhibiti anaweza kupanga bei, kutoa leseni na kuifuta. Ndani ya kisanduku andika maswali mawili: nani anaidhinisha bei yangu, na gridi kuu ikifika eneo langu ninauza mtambo, ninaunganishwa, au ninafunga? Asiye na jibu la swali la pili asikope mkopo wa miaka 15.

Hatua ya 6: Weka mstari wa miaka juu ya gharama. Paneli hudumu kama miaka 25, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika majumbani) mara nyingi 10 hadi 15, betri kwa kawaida hutangulia zote. Tia alama mwaka ambao kila kimoja kitabadilishwa, kisha uweke tarehe za marejesho ya mkopo kwenye mstari huohuo. Betri na marejesho makubwa vikikutana mwaka mmoja, anza kutenga akiba sasa.

Hatua ya 7: Livunje jedwali lako. Badilisha namba moja tu, upige hesabu upya. Anza na ile asilimia 40 ya mchana: ishushe hadi 15 kwa kumpata msaga nafaka mmoja, uone uniti zinazolipiwa zinavyopanda hadi 134,028 bila kununua paneli hata moja.