Namna ya Kuutazama Mchoro wa Penseli wa Karne ya 19
Mwanafunzi wa sanaa wa Mtwara anayetazama kwenye kompyuta mchoro wa mwili wa mtu uliochorwa na Ingres wa Ufaransa (1780–1867) asianze na uso, bali aikuze picha na kuufuata mstari mmoja, tuseme wa bega, akiangalia unakokoza na unakofifia, kwa kuwa hapo ndipo mkono ulipokaza au kulegeza penseli. Kisha atafute mistari iliyofutwa nusu au kurudiwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hazina yenyewe, maana humwonyesha mchoraji akibadili mkao wa mguu au kiganja. Penseli za grafiti (madini meusi laini) na udongo, alizozibuni mvumbuzi Mfaransa Conté mwaka 1795, zilitofautiana ugumu. Basi alinganishe wepesi wa mistari na weusi wa vivuli. Mwisho aulize uzito wa mwili umeegemea wapi.