Pima muda wa kusubiri kwa saa isiyorudi nyuma

Kompyuta ya dukani Kariakoo ambayo betri yake ya CR2032, ile inayotunza saa, imekufa, umeme ukikatika na kurudi, huwaka na tarehe ya zamani. Programu ya ujumbe inaunganika na seva na kuandika muda wa kuanza, kisha NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, inarekebisha saa. Kwa hesabu ya programu, sekunde mbili zimekuwa miezi, basi inakata laini nzima kabisa. Saa ikirudishwa nyuma ndiyo balaa: laini iliyokufa huonekana hai, na ujumbe hubaki "unatumwa". Kanda ya saa haina kosa hapa. Mkosaji ni anayesogeza saa yenyewe, mfano aliyeambiwa saa mbili asubuhi akaandika 02:00 badala ya 08:00.

Dawa ni saa isiyorudi nyuma (monotonic), inayohesabu kwenda mbele tu hata tarehe ikibadilishwa. Kwenye C tumia clock_gettime() na CLOCK_MONOTONIC, Python, time.monotonic(), Java, System.nanoTime(). Go imelimaliza hili tangu toleo 1.9 la 2017, ndani ya time.Now().

Weka ukomo wa kusubiri mara moja tu: sasa + sekunde 30. Kila unaporudi kwenye poll(), inayosubiri data kwa milisekunde kamili, mpe muda uliobaki, usimpe 30 upya, la sivyo upande wa pili ukituma baiti moja kila sekunde 29 utakushikilia milele. Milisekunde zizungushe kwenda juu. Ukizishusha, 0.4 inakuwa 0, poll() inarudi papo hapo, na prosesa inazunguka bure hadi ukomo ufike.

Angalia pia pthread_cond_timedwait(), ya kusubiri kati ya nyuzi (threads) za programu: isipobadilishwa kwa pthread_condattr_setclock(), inafuata saa ya kawaida. Wengi hunaswa hapo.

Simu ni habari nyingine. CLOCK_MONOTONIC ya Linux husimama kifaa kikilala. Simu ikilala mfukoni toka Mbagala hadi Posta, na foleni ya Kilwa Road unaijua, programu itadhani zimepita sekunde chache wakati laini ilishakatwa zamani. Kwa Android tumia SystemClock.elapsedRealtime(), kwa Linux, CLOCK_BOOTTIME.

Namba za saa isiyorudi nyuma usizihifadhi kwenye hifadhidata wala kuzituma kwa mashine nyingine. Kompyuta ikiwashwa upya hazina maana. Muda anaouona msomaji wa ujumbe ubaki wa saa ya kawaida.

Kujaribu: zima NTP kwa timedatectl set-ntp false, unganisha programu, kisha endesha date -s "+1 hour" kama root (msimamizi mkuu). Laini isikatike. Rudia kwa "-1 hour" huku umechomoa kebo ya mtandao: sekunde 30 zikiisha, ikatike.