Kupima na kuchagua draiva ukiwa Mwanza

Draiva ndiyo fimbo ndefu kuliko zote kwenye begi la gofu, na ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kuliko zote. Karibu maneno yote hayo ni ya umbali. Weka umbali pembeni kwanza, uanze na swali moja: mpira wako unagonga sehemu gani ya uso wa draiva? Anayegonga sentimita 2 nje ya katikati hawezi kuokolewa na kichwa kipya, hata kiwe cha bei gani.

Jibu hupatikana bila mashine. Chukua draiva unayotumia sasa, mipira 10 na kalamu ya ubao mweupe. Chora doa la ukubwa wa punje ya mahindi kwenye mpira, uweke juu ya tii (kijiti cha kuinulia mpira) doa likitazama uso wa draiva, kisha upige. Doa litajichapa usoni. Piga picha kwa simu, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, rudia. Kama uso ni mweusi na wino hauonekani, sugua chaki ya shuleni mpaka uso uwe na vumbi jeupe. Mpira utaacha duara safi pale ulipogonga. Mipira 3 ya kwanza ni ya kupasha mwili moto, usiihesabu.

Mahali pa kupigia ni shida yake. Ufukwe unaoanikwa dagaa si uwanja wa mazoezi, na mpira uliopigwa ziwani umekwenda moja kwa moja. Kama huna uwanja karibu, funga wavu nyuma ya nyumba, ila uchague wavu kwa akili. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67. Wavu wa sangara wa inchi 6 utaupitisha bila hata kutikisika. Wa dagaa, wenye macho ya milimita 8 hadi 10, ndio unaouzuia. Nyuzi zake ni nyembamba, kwa hiyo weka tabaka mbili, uzilegeze zining'inie kama pazia, na nyuma yake tundika turubai au blanketi zito. Wavu uliokazwa kama ngoma hurudisha mpira usoni kwako. Asisimame mtu nyuma ya turubai.

Sasa soma alama. Tunamzungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Alama zikirundikana upande wa kisigino, yaani karibu na shafti (mti wa fimbo), mpira hukata kulia, na mara nyingi sababu ni fimbo ndefu mno kwa mpigaji au kusimama karibu mno na mpira. Zikiwa upande wa ncha, mpira hujikunja kushoto. Zikiwa chini ya uso, mpira hutoka chini na kuzunguka sana, kisha hupanda na kufia hewani. Inua tii kabla hujalaumu draiva. Nusu ya mpira inapaswa kuonekana juu ya ukingo wa kichwa unapokuwa umeweka draiva chini. Zikiwa juu kidogo ya katikati, hapo ndipo penyewe, usiguse kitu. Alama zilizotawanyika kila mahali hazisomeki, na hakuna duka litakalokuuzia dawa yake: tafuta mwalimu kwanza.

Urefu ndio unaosahaulika kuliko yote. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45.5 hadi 45.75, yaani karibu sentimita 116. Sheria inaruhusu hadi inchi 48, na tangu 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Wachezaji wengi wa kulipwa, ambao kupiga mpira ndiyo kazi yao ya kila siku, hutumia fupi kuliko za dukani. Anayecheza Jumamosi tu anapewa ndefu zaidi yao, kwa sababu ndefu inaonekana ina kasi.

Kabla ya kukata chochote, shika gripu (mpini) chini kwa sentimita 2.5 na upige mipira 10 mingine yenye doa. Alama zikisogea katikati, umepata jibu bila kutoa hata senti. Ukiamua kukata, fundi akate upande wa gripu, si upande wa kichwa. Kila nusu inchi inayoondoka hufanya kichwa kihisike chepesi mkononi. Ili kurudisha uzito ule ule utahitaji takriban gramu 6 za utepe wa risasi chini ya kichwa. Kata nusu inchi, jaribu wiki moja, ndipo ufikirie nusu nyingine. Shafti iliyokatwa hairefuki.

Ugumu wa shafti huandikwa kwa herufi, kuanzia L iliyo laini hadi X iliyo ngumu. Kwa kasi ya kichwa ya kilomita 137 hadi 153 kwa saa, anza na R. 153 hadi 169, jaribu S. Chini ya 137, A au L. Juu ya 169, X. Hizo ni alama za kuanzia tu, maana hakuna kipimo kimoja cha viwanda vyote: R ya huyu inaweza kuwa ngumu kama S ya yule. Uzito wa shafti unahisika mapema kuliko herufi. Wengi huangukia kati ya gramu 50 na 65. Nyepesi mno humfanya mtu akimbize mikono. Nzito mno humchosha kabla ya shimo la 12.

Kuhusu lofti, yaani mlalo wa uso wa draiva, kiburi ndicho kinachoharibu. Mtu wa kasi ya kawaida hununua digrii 9 kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwenye televisheni, kisha mpira haupandi. Anza na 10.5, ujaribu na 12 bila aibu. Lofti kubwa pia hupunguza kukata kulia.

Ukisafiri Dar es Salaam au Nairobi kupimwa kwa mashine, nenda na draiva yako ya zamani na mipira unayochezea. Piga ya zamani kwanza, ili kuwe na cha kulinganisha. Omba kuona namba tatu. Kasi ya mpira ikigawanywa kwa kasi ya kichwa ifike 1.45 au zaidi. Kikomo ni karibu 1.50. Mpira utoke kwa digrii 12 hadi 15. Spini, yaani kuzunguka kwa mpira, iwe kati ya mizunguko 2,000 na 2,800 kwa dakika, na mwenye kasi ndogo aende juu zaidi. Kisha mwambie fundi aweke mwinuko wa mita 1,140, ambao ndio wa Mwanza. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, mpira huenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 4, na hujikunja kidogo kuliko ambavyo ungejikunja Dar. Upepo wa mchana unaotoka ziwani nao huadhibu spini kubwa: mpira unaosimama hewani hurudi ulikotoka.

Usichague kwa pigo refu kuliko yote. Futa mawili mabovu kabisa na moja la ajabu, kisha tazama mengine yameangukia upana gani. Draiva yenye wastani mfupi kwa mita 5 lakini ndani ya upana wa mita 30 inashinda ile ndefu inayotapanya mita 60.

Draiva za kurekebishwa zina ufunguo wake. Kaza hadi usikie mlio, usitumie spana nyingine. Kumbuka kwamba kwenye nyingi ukiongeza lofti shingoni uso hufunga kidogo, yaani mpira huelekea kushoto. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kwa mtumba, tikisa kichwa karibu na sikio: kinachogongagonga ndani mara nyingi ni gundi iliyolegea, hurekebishika, ila kitumie kupunguza bei. Pitisha ukucha usoni na pale shafti inapoingia kichwani kutafuta ufa, ukikuta, rudisha. Kichwa kisizidi ujazo wa sentimita 460 za ujazo, na jina lake litafute kwenye orodha ya R&A (chombo cha sheria za gofu) ya vichwa vinavyoruhusiwa kama unacheza mashindano. Mwisho, gusisha sumaku ya spika kwenye uso. Titani na kaboni hazishikwi na sumaku. Uso ukinata, kichwa ni cha chuma, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni la kampuni kubwa.