Namna ya Kulinda Meno kwa Mpenda Vitamu

Apendaye halua, kashata na chai yenye sukari ya kutosha halazimiki kuviacha vyote ili meno yake yasalimike, lakini inampasa kujua kwamba kula vitamu mara kwa mara kutwa nzima aghalabu hudhuru meno kuliko kuvila kwa mkupuo mmoja. Bakteria walio katika utando unaoganda juu ya meno huigeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache, na asidi hiyo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje ya jino. Mate huirekebisha hali hiyo kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, mradi kinywa kisiletewe sukari nyingine. Kwa hiyo anayekunywa soda moja kwa mafunda madogo madogo tangu asubuhi hadi alasiri huyanyima mate nafasi ya kufanya kazi.

Basi vitamu viliwe pamoja na mlo au mara baada yake. Desturi ya pwani ya kula halua kwa kahawa chungu inafaa sana, kwa kuwa kahawa hiyo haina sukari, husaidia kuondoa mabaki yanayonata, na shughuli yote huisha upesi. Ubuyu, nasema kwa masikitiko, ni kinyume chake: mbegu zake zina unga mchachu, hupikwa kwa sukari na rangi, kisha humung'unywa moja moja hadi ulimi ugeuke mwekundu, hivyo jino hupata uchachu na sukari kwa pamoja na kwa muda mrefu. Anayeupenda aule kwa kikao kimoja, asitembee nao mfukoni, na akimaliza asukutue kwa maji. Kupiga mswaki kungoje nusu saa, kwani baada ya ubuyu, ukwaju au soda uso wa jino huwa umelainika.

Mswaki upigwe mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, kwa dawa ya meno yenye floraidi, yaani madini yanayoimarisha meno. Ule wa usiku usikosekane kamwe, kwa sababu mate hupungua usingizini. Baada yake kisiliwe wala kunywewa kitu ila maji. Povu litemwe bila kusukutua, ili floraidi ibaki menoni. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ambako maji yana floraidi nyingi na meno ya wengi yana madoa ya kahawia yatokanayo na wingi huo, si sukari wala uchafu, wazazi wahakikishe zaidi kwamba mtoto hamezi dawa.

Doa jeupe lisilong'aa karibu na ufizi ndiyo dalili ya mwanzo ya kuoza, na katika hatua hiyo jino bado laweza kurudishiwa madini yake. Likishatoboka halijizibi, hivyo daktari wa meno aonwe kabla ya maumivu kuanza.