Kisarawe kwa baiskeli: uliza udongo, usiulize kilomita

Nguvu zako usizimalizie Barabara ya Nyerere. Kutoka Posta, katikati ya Dar es Salaam, hadi Kisarawe ni kama kilomita 30, na sehemu kubwa ya hizo utagombea nafasi na daladala na malori ya mchanga. Pakia baiskeli kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, alfajiri, ushuke Pugu Kajiungeni saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Kibanda changu cha ufundi kiko Ukonga, kwa hiyo nawaona kila Jumamosi: vijana wa nguo za kubana, baiskeli ya bei ya bajaji, wanafika kwangu kujaza upepo wakiwa hoi na kilima bado hawajakiona.

Vilima vyenyewe si virefu. Mtu wa Lushoto atacheka. Ila vinakuja vifupi na vikali, kilima, bonde, kilima, bonde, na kila ukishuka udongo unakugeukia. Juu unakuta mwekundu mgumu, baiskeli inakimbia yenyewe. Katikati ya mteremko kuna mchanga. Chini kabisa, kwenye vijito, kuna udongo mweusi ambao ukiwa mkavu ni barabara nzuri na ukilowa hautoki kwenye tairi hata kwa kisu. Mpanda baiskeli huku anashindwa na udongo kabla hajashindwa na mlima.

Sasa tuanze na tairi, maana hapo ndipo watu wengi wanapojitesa. Ukijaza upepo kama wa lami, kwenye mchanga tairi inachimba na kwenye mawe inaruka. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40 zenye tyubu, namwekea 30 mbele na 35 nyuma kwa kipimo cha psi. Chini ya hapo tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili ya pembeni, pacha kabisa. Ukiyaona hayo, usihangaike kutafuta mwiba. Kama tairi zako hazina tyubu na zina dawa ya maji ndani, shuka hadi 25 bila wasiwasi. Huna kipimo? Bonyeza tairi kwa dole gumba katikati: liingie kidogo, lisigome, lisizame.

Angalia na vali. Baiskeli nyingi za njia za vumbi zinazoingia kutoka Ulaya zina ile vali nyembamba ya Kifaransa, na mashine ya upepo ya sheli haiingii hapo. Kuna kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia. Nunua viwili, maana kimoja lazima kitapotea. Pampu ya mkononi, tyubu mbili, viraka na gundi, kiungo cha akiba cha cheni. Fundi wa Kisarawe mjini atakusaidia mambo mengi, lakini spea yake ni ya Phoenix, si ya hilo dude lako.

Halafu suala la baiskeli yenyewe. Usisubiri uwe na ya mamilioni. Baiskeli ya mtumba ya milimani, tairi za inchi 26, uma wa mbele usio na springi, ikiwa na gia tatu mbele, itapanda kila kitu nitakachokutajia. Muhimu ni gia ya mwisho ya kupandia: meno ya nyuma yalingane na ya mbele au yazidi. Na kati ya tairi na fremu pawe na nafasi ya kupitisha kidole, kwa sababu ya ule udongo mweusi.

Ukitoka Kajiungeni shika barabara ya Kisarawe. Ni lami na inapanda, kwa hiyo anza taratibu, gia nyepesi, pumzi ya kuweza kuzungumza. Pugu hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha, akaacha kazi mwaka 1955 ili ashughulike na TANU, iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja. Ukihema kwenye mlima ule, kumbuka kuna waliokuwa wakiupanda na kuushuka bila gia.

Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Usijipenyeze kwenye vichochoro vya wakata kuni. Pitia getini, lipia kwa namba ya malipo ya serikali, chukua risiti, na uliza ni njia zipi zinaruhusiwa kwa baiskeli siku hiyo. Ndani kuna kivuli, mizizi, na mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kauri. Mapango yamejaa popo, harufu utaisikia kabla hujayaona. Hapo mweupe ukilowa unateleza kuliko tope lolote, shuka ukokote. Msituni usiende peke yako. Wawili ni wachache, watatu ndiyo sawa.

Kuna na reli. Ile ya zamani ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, watu wamezoea kuivuka popote. Usihamishie mazoea hayo kwenye reli mpya ya kisasa, SGR. Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria mwaka 2024, pale pana uzio, nyaya za umeme mkubwa juu, na treni inayoweza kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Njia nyingi za miguu zilizoonekana kwenye ramani za zamani zinaishia kwenye uzio. Tafuta kivuko cha chini au daraja, hata kama ni kuzunguka.

Kuhusu ramani. Mfaransa mmoja niliyemtengenezea breki aliniambia kwao, kwenye vilima vya Massif Central, kuna njia ya baiskeli inayotoka Avallon hadi baharini kusini, zaidi ya kilomita 1,300, na njia panda nyingi zina kibao. Akaniuliza vibao vyetu viko wapi. Nikamwambia vyetu vinauza nanasi pembeni ya barabara. Pakua ramani kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, maana mtandao mabondeni unakatika, lakini ramani itakuonyesha mstari tu. Haijui kama juzi ilinyesha.

Kwa hiyo uliza watu, na uliza vizuri. Ukisema "ni mbali?" utaambiwa "hapo tu". Uliza: bodaboda wanapita? Bodaboda ndiye mtaalamu wa udongo wa Pwani nzima. Pale anapopita kila siku panakuwa pamekandamizwa, mstari mmoja mwembamba unaong'aa kidogo, wakati mwingine uko nje kabisa ya barabara, kwenye majani. Fuata huo. Akiuacha, nawe uache.

Na usiulize ukiwa juu ya baiskeli na miwani usoni. Shuka, salimia, kisha sema shida yako. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umeloa hivyo, huko utokako mvua imenyesha?"

"Jasho tu hili, bibi. Naomba kuuliza, njia hii ya bondeni bodaboda wanapita?"

"Walikuwa wakipita. Tangu juzi wanazungukia kule kwenye mkorosho mkubwa, unauona? Hapa chini lori limelala."

Basi, umeokoa saa nzima ya kusukuma. Nunua hata chungwa.

Hayo maneno utayahitaji ukishapita Kisarawe mjini kuelekea Maneromango, na hiyo ndiyo safari yenyewe. Unapita Masaki (ya huku, yenye mihogo, si ile ya mabalozi), unapita Msanga, na hadi Maneromango ni zaidi ya kilomita 40 kwenda tu. Anayeanza asifike. Nenda Masaki, kunywa chai na chapati, kisha rudi kwa njia za pembeni zinazopita kwenye mikorosho na minazi. Barabara kuu lami inasogezwa kipande kwa kipande, kwa hiyo kila mwaka vumbi linaanzia mbele zaidi. Penye mawimbi madogo madogo yaliyochongwa na magari, usikae katikati. Nenda ukingoni, nyanyua makalio kidogo, acha mikono ilegee. Ukiushika usukani kwa nguvu viganja vitakufa ganzi kabla ya saa nne.

Kwenye mchanga mambo ni kinyume cha hofu yako. Usifunge breki, usikate kona. Weka gia nyepesi kabla hujaingia, rudisha uzito nyuma, angalia mbali, kanyaga bila kukatisha. Baiskeli itayumba, iache iyumbe. Anayeitazama tairi ya mbele ndiye anayeanguka.

Msimu: Juni hadi Septemba ndiyo wakati wake. Hewa ina ubaridi kidogo, udongo umekauka, machungwa yapo. Vuli, Oktoba hadi Desemba, unaweza kwenda kati ya mvua na mvua, na utakuta mabibo yanaanguka yenyewe. Januari na Februari njia ni kavu ila jua linaua, uwe umemaliza saa nne. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi hivi, kwa hiyo ukisikia Jangwani barabara imefungwa kwa maji, jua huku juu vimekunywa hadi vimetapika. Vipe siku tatu za jua kali, za mabondeni nne.

Maji beba lita tatu, hata kama utaona maduka. Dafu lipo njiani lakini si kila kona. Beba noti ndogo ndogo, maana mama wa mihogo hana chenji ya elfu kumi, na mtandao wa kumtumia kwa simu ndiyo ule uliokatika bondeni.

Kurudi, usishuke mlima wa Pugu mchana na miguu imechoka. Mteremko ni wa lami, malori yanashuka nao, na breki zako zimejaa vumbi la asubuhi. Pale stendi ya Kisarawe utapata kirikuu. Patana bei kabla ya kupakia, laza baiskeli upande wa gia ukiwa juu, tia boksi au gunia kati ya fremu na bodi, na wewe mwenyewe kaa nyuma uishikilie.