Mizani ya kila asubuhi kwa mgonjwa ambaye moyo wake haumudu kusukuma damu

Mama alipotoka hospitali tulipewa dawa na agizo moja: apimwe uzito kila siku. Namna ya kupima hatukuelezwa. Naandika kwa ajili ya anayeanza kumuuguza mzazi au mwenzi wake leo.

1. Daftari. Tarehe, uzito, dawa alizomeza. Programu za simu zipo, ila mimi nashikilia daftari: daktari analifungua na kuona mwezi mzima kwa mara moja.

2. Mizani. Hapa ndipo tulipoumia. Moyo ukilemewa, figo hubakiza chumvi na maji mwilini. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani hutambua mapema, mara nyingi kabla miguu haijavimba.

Mpime akishaamka na kukojoa, kabla ya kula au kunywa, akiwa na nguo nyepesi za aina ile ile. Mizani iwe ile ile, juu ya sakafu ngumu. Sisi tuliiweka juu ya zulia. Leo 61, kesho 59.4, keshokutwa 61.2. Tukazoea kusema "ni mizani tu hiyo". Uzito ulipopanda kweli tukaupuuza, na usiku wa tatu nikamkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anavuta pumzi kwa shida, hawezi kumaliza sentensi. Aliporudi nyumbani nilihamishia mizani kwenye saruji na kuchora alama nne za chaki pale miguu ya mizani inapokaa. Hadi leo haijasogea.

Muulize daktari uzito wake ni kiasi gani maji ya ziada yakiwa yameshatoka. Huo ndio wa kulinganishia, wala si ule wa jana peke yake, kwa sababu nusu kilo kila siku haishtui mtu. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, piga simu siku hiyo hiyo, hata kama anasema yuko salama. Ukishuka haraka naye anapata kizunguzungu, piga pia. Huenda dawa ya kutoa maji imezidi. Usiongeze wala kupunguza dozi kwa kukisia. Omba maelekezo ya maandishi.

3. Miguu na mito. Bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Shimo likibaki, kuna maji. Hesabu mito anayolalia. Aliyelalia mmoja akianza kuomba wa tatu ili apate pumzi, andika na umweleze daktari.

4. Chumvi. Iondoe mezani kabisa. Chumvi mbadala nyingi zina potasiamu, na zikichanganyika na baadhi ya dawa za moyo ni hatari. Uliza kwanza.

5. Dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya mwili ushikilie maji. Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji navyo mara nyingi vina sodiamu nyingi, ile ile iliyomo kwenye chumvi. Mwambie kila muuza dawa kwamba mgonjwa ana tatizo la moyo, kabla hajakupa chochote.

Akihema ilhali ametulia, akiumwa kifua, akizimia, au akikohoa povu lenye rangi ya waridi, achana na mizani na daftari. Mkalishe wima, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.